Msimu wa Mganda

Miaka ya 1980, kijijini kwetu Umatengo, kwenye milima ya Mbinga, hakuna aliyeuliza mganda utaanza lini. Kalenda yetu ilikuwa kahawa. Ilianza kuiva Juni, na Julai na Agosti kila mtu alikuwa shambani na kikapu. Tuliimenya kwa mashine ya mkono, tukailoweka, tukaiosha, tukaianika kwenye vichanja. Kahawa ya maganda ikishafika kwenye ghala la chama cha msingi na malipo ya kwanza yakishatoka, jioni moja ng'oma kubwa ililia kutoka uwanja wa shule. Maharage ya kwenye ngoro, mashimo yetu ya kilimo cha mlimani, yalikuwa yameshavunwa, na mahindi yalikuwa yanangoja mvua za Novemba. Hapo katikati palikuwa na wiki kadhaa ambazo hazikuwa na mwenyewe. Tulizipa mganda.

Kwa msomaji ambaye hajauona, mganda ni ngoma ya wanaume. Wachezaji hujipanga safu safu, mashati meupe, kaptula nyeupe zilizonyooshwa kwa pasi ya mkaa, soksi ndefu hadi magotini. Mwendo ni wa hatua fupi, magoti yanakunjwa kwa pamoja, mabega yametulia, na atakayetangulia hata nusu hatua ataonekana na uwanja mzima. Mbele yupo Kapteni na filimbi yake. Nyuma kuna ng'oma kubwa inayopigwa kwa kirungu. Nyimbo kwanza huimbwa kwa midomo, kisha midomo inafungwa na malipenga ya vibuyu yanaupokea wimbo. Kikundi chetu kilikuwa na vyeo kamili: Kapteni, Sajenti, Katibu, Mtunza Fedha, na hata Daktari, ambaye alipita kati ya safu akiwafuta wachezaji jasho bila kuuvuruga mstari.

Asili ya mganda ni jeshi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, askari wa King's African Rifles na wapagazi wao walirudi vijijini wakiwa na gwaride na bendi vichwani. Tarumbeta za shaba hawakuwa nazo, lakini vibuyu walikuwa navyo. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma ya beni, alifuatilia namna michezo hii ya gwaride ilivyotoka miji ya pwani ya Bahari ya Hindi ikaingia bara. Ng'ambo ya Ziwa Nyasa, Malawi, wenzetu wana ngoma ya aina hii hii wanayoiita malipenga. Kwetu iliingia kwa upande wa ziwa, wazee walivyotuambia, ndipo ikapanda mlima hadi Umatengo. Nami sishangai kwamba mwambao uliipokea. Pale Liuli, mahali ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa sababu ya ule mwamba wa Pomonda, vita ilifika mapema mno. Agosti 1914, siku chache tu tangu ianze Ulaya, meli ya Waingereza Gwendolen iliishambulia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Watu wa mwambao walimwona askari kwa karibu, wakamsoma anavyotembea, anavyopiga saluti, anavyoamrisha. Kisha wakamgeuza mchezo, na mchezo wakaufanya wao kabisa. Siku hizi nasikia watu wakisema mganda si utamaduni halisi kwa kuwa umeiga wazungu. Siwezi kukubaliana nao. Aliyegeuza mateso ya upagazi kuwa ngoma ya kuoneana fahari alikuwa na akili ya kisanii ya hali ya juu, na anastahili heshima yake.

Lakini nataka kusema juu ya lipenga, maana hapo ndipo mikono yangu ilipojifunza kazi.

Kibuyu huachwa kikauke kikiwa bado kwenye mmea wake, mpaka ukikitikisa mbegu zinalia ndani. Unakikata kitako, unachokoa mbegu na nyuzi kwa kijiti, unakisugua kwa mchanga na maji hadi ndani kuwe safi. Ubavuni unatoboa tundu dogo. Tundu hilo ndilo lipenga lenyewe, kilichobaki ni kibuyu tu. Juu yake hubandikwa utando mweupe ambao buibui wa ukutani hufunikia mayai yake, vile viduara vyembamba unavyoviona nyuma ya milango na kwenye pembe za nyumba ambazo hazifagiliwi mara kwa mara. Ukiuvuta kwa pupa unachanika. Baba alinifundisha kuupumulia kwanza ili ulegee kwa unyevu wa pumzi, kuingiza ncha ya wembe pembeni, kuuinua kidogo upande huu, kidogo upande ule, kisha kuuhamisha juu ya tundu lililopakwa nta kabla haujajikunja. Nyumba zetu za matofali ya kuchoma tulizikagua ukuta kwa ukuta. Mama alikuwa akifagia, sisi tunamwomba asiguse nyuma ya mlango.

"Lipenga halipulizwi, mwanangu," Baba aliniambia mara ya kwanza nilipojaza mashavu hewa. "Imba ndani yake."

Ni kweli. Ukipuliza, hakuna kitu. Ukiimba, utando unaishika sauti yako na kuitetemesha, na kinachotoka upande wa pili si wewe tena. Ni kitu chenye mkwaruzo wa shaba. Kibuyu kidogo kiliimba sauti ya kwanza. Vikubwa zaidi vilishika ya pili na ya tatu, na vile vilivyounganishwa viwili au vitatu kwa nta, virefu kuliko mkono wa mtu mzima, vilikuwa besi. Mpangilio wa sauti tuliuchukua kwenye kwaya ya parokia, ambako wengi wetu tuliimba Jumapili. Mimi nilishika sauti ya tatu. Baadaye nimeona wengine wakibandika nailoni ya paketi ya sigara mahali pa utando. Inalia, tena haichakai upesi, lakini sauti yake ni kali tupu.

Nilikuwa pia mtunzi. Nilikuwa na kauntabuku niliyoipata shuleni, na humo niliandika nyimbo za kikundi, nyingi kwa Kimatengo, chache kwa Kiswahili kwa ajili ya wageni. Tulitunga juu ya bei ya mbolea, juu ya binti aliyemkataa mwenye pikipiki, juu ya bwana mmoja aliyekwenda Songea kununua bati akarudi na redio. Tulitunga juu ya sabuni. Vijana wa leo hawataelewa kwa urahisi: mwanzoni mwa miaka ile, baada ya vita ya Kagera, sabuni na sukari viliadimika madukani, na ngoma yetu ni ya nguo nyeupe. Tulifua kwa maji ya majivu na kwa majani ya mpapai yaliyoletwa kutoka mabondeni, tukaanika kaptula juu ya nyasi usiku zipigwe na umande, na asubuhi zilikuwa nyeupe. Wimbo wa sabuni ulipendwa kuliko zote nilizotunga. Uliimbwa hadi na watoto waliokuwa wakichunga mbuzi.

Safari kubwa ya kila msimu ilikuwa kushuka ziwani. Katibu aliandika barua ya mwaliko kwa mwandiko wake mzuri, barua ikapelekwa na wafanyabiashara wa samaki, majibu yakaja kwa njia hiyo hiyo. Kisha tulipanda lori. Kutoka ubaridi wa Mbinga unateremka kona baada ya kona, sweta linavuliwa, halafu shati linafunguliwa vifungo, na ghafla ziwa linatokea lote kwa mara moja mbele yako, ng'ambo yake haionekani. Kule chini kuna miembe, ugali wa muhogo, na dagaa wa usipa walioanikwa juu ya mchanga wakimeta hadi wanaumiza macho. Hatukuingia kijijini tukiwa na nguo za safari. Lori lilisimama mbali, tukavaa nguo nyeupe nyuma ya vichaka, tukajipanga, Kapteni akapuliza filimbi, tukaingia kwa gwaride. Watoto walitukimbilia, akina mama wakapiga vigelegele.

Mama yangu ni Mnyasa wa mwambao ule wa kaskazini ya Liuli, na mjomba wangu ndiye aliyekuwa Kapteni wa wenyeji wetu. Hili lilinipa kazi ngumu, maana mpinzani alikuwa wangu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Hebu nikuone." Alilichukua lipenga langu, akaliinua kwenye mwanga wa jua, akautazama utando. "Umebandika vizuri. Lakini umeubana mno. Ziwani hewa ni nzito, hautaki kubanwa hivyo. Huko kwenu mlimani ndiko kwa kubana." Akaligeuza, akaulegeza utando kwa ncha ya kidole gumba, akanirudishia. Jioni hiyo hiyo aliongoza kikosi chake dhidi yetu bila huruma.

Ngoma ilifunguliwa na wanawake. Kioda, ngoma yao, ina ng'oma zake, mavazi ya sare, na mwendo wa taratibu wa duara ambao kwangu ni mgumu kuliko gwaride letu. Mama zangu wadogo walikuwa humo, na hawakunitazama hata mara moja. Kisha mganda: wenyeji safu zao, wageni safu zao, uwanja mmoja, kwa zamu. Kombe halikuwapo wala meza ya waamuzi. Watazamaji ndio walioamua kwa miguu yao. Walisimama katikati, na kikundi kilipowagusa walisogea upande wake, nusu hatua, kisha hatua nzima, hadi upande mmoja wa uwanja ukabaki mchanga mtupu. Nakumbuka tulipoanza wimbo wa sabuni, malipenga ya sauti ya pili yakiingia nyuma yetu, nikamwona mzee mmoja mwenye fimbo ya mwanzi akitoka upande wa mjomba na kuja upande wetu, polepole, bila haraka yoyote. Aliposimama alikuwa amefumba macho. Sijawahi kusifiwa hivyo tena kwa kitu chochote nilichokifanya maishani.

Tulicheza hadi alfajiri. Tukalishwa. Mwaka uliofuata wao walipanda mlima, nasi tukawalisha, na hapo ndipo gharama yote ilipo: mbuzi, unga, pombe, malazi ya watu wote wale. Fedha ya kuwalisha wageni ilikuwa fedha ya kahawa.

Julai 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukidhibiti soko la kahawa ulivunjika, na bei ya dunia ikaporomoka. Msimu wa 1994 biashara ya kahawa nchini ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Sina ugomvi na mtu juu ya sera zile. Wapo waliopata bei nzuri kuliko ya chama. Ninachojua ni kilichotokea kijijini. Zamani nyumba zote zilipata fedha karibu wiki moja. Baadaye huyu aliuza leo, yule mwezi ujao, na wengi walikuwa wameshauza kahawa ikiwa bado mbichi mtini, kwa magoma, wakalipwa kidogo Februari kwa mzigo wa Agosti. Kikundi kikaita mazoezi, nusu ya safu haikuja. Aliyekuwa na deni la magoma hakutaka kuonekana uwanjani amevaa nyeupe. Mwaka mmoja mwaliko wa ziwani haukujibiwa, na mwaka uliofuata haukuandikwa.

Mimi nilikuwa nimekwenda Songea kusoma, kisha Dar es Salaam, kazi ya vitabu vya hesabu. Lipenga nililichukua. Kwa muda nililiimbia chumbani, Buguruni, madirisha yakiwa yamefungwa kwa ajili ya majirani. Sauti ya tatu peke yake ni kitu cha ajabu. Inapanda mahali ambapo hapana sababu, inanyamaza ikimngoja mtu ambaye hayupo. Utando ulipokauka sikuubandika mwingine. Kauntabuku ilibaki nyumbani kwa Baba. Hakuna siku niliyoamua kuacha.

Hivyo ndivyo ilivyo kwa wengi ninaofahamiana nao. Ofisini kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akifuma vitambaa vya meza vya maua ambavyo sijaona mfano wake; kulikuwa na dereva aliyechora mabango ya mahafali shuleni kwao, herufi zake zilikuwa safi kuliko za mashine. Ukiwauliza wanajibu jibu moja: muda hakuna. Nami nilijibu hivyo kwa miaka. Sikubali tena. Baba yangu alichimba ngoro kwa jembe la mkono kwenye mteremko ambao hata mbuzi wanasitasita kuupanda, alikuwa na miti ya kahawa, watoto, na kikao cha chama kila mwezi. Muda wake ulikuwa mfupi kuliko wangu. Alichokuwa nacho ni watu waliomngoja uwanjani, msimu uliojulikana, na wapinzani waliokuwa wakifanya mazoezi ng'ambo ya mlima. Sanaa zetu nyingi hazikuwa za mtu mmoja katika saa zake za mapumziko. Zilishikwa na kundi, na kundi likitawanyika kila mmoja hubaki na kipande kisichocheza.

Nimeona jambo hili limeandikwa pia na mgeni. Mtafiti wa muziki Stephen Hill alikuja kwetu, na makala yake juu ya mganda wa Umatengo imo katika kitabu cha mwaka 2000 kiitwacho Mashindano!, kilichohaririwa na Frank Gunderson na Gregory Barz. Jina la makala linaanza kwa Kiswahili: Mchezo Umelala. Ndivyo tulivyosema sisi wenyewe. Aliiona mapema habari ya uchumi na ngoma kufuatana, na namshukuru kwa kuyaandika hayo wazee wetu wakiwapo.

Wapo ambao kwao sanaa haikulala. Kapteni John Komba, mtu wa Lituhi, hakuwa Kapteni wa mganda bali wa Jeshi la Wananchi kweli kweli. Jeshini alikuwa na kwaya, na baadaye akaliongoza kundi la Tanzania One Theatre hadi alipofariki Februari 2015, akiwa pia mbunge wetu wa Mbinga Magharibi. Kipaji alikuwa nacho, hilo halina ubishi. Lakini kila alipokwenda palikuwa na watu wa kuimba nao na siku ya kuimba iliyopangwa.

Siku hizi lami inafika hadi Mbamba Bay, na mwambao umekuwa Wilaya ya Nyasa tangu ulipotengwa na Mbinga mwaka 2012. Safari ya lori ya siku nzima sasa ni ya basi, unafika kabla ya chakula cha mchana. Mganda bado upo. Unauona anapokuja mgeni rasmi: safu mbili, dakika chache, wachezaji wamemgeukia yeye na kipaza sauti, kisha MC anawashukuru na ratiba inaendelea. Ni vyema kuliko kutokuwapo. Lakini hakuna upande wa pili wa uwanja, na ngoma hii bila upande wa pili hakuna anayesogea.

Kioda nimeikuta hai zaidi. Mama yangu mdogo, sasa bibi wa wajukuu wengi, bado anacheza. Wanawake wa kundi lao wana mfuko wa kukopeshana; wanakutana kila wiki kwa ajili ya fedha, na wakishafunga daftari wanapiga ng'oma. Nilimuuliza wamewezaje miaka yote hii. Alinitazama kama ambaye hajaelewa swali. "Tunakutana," alisema.

Mjomba ni mzee, macho yamefifia, ila masikio ni yale yale. Nilimbandikia utando nyuma ya nyumba yake, nikambania kidogo tu, kwa kuwa ni ziwani. Aliimba sauti ya kwanza ya wimbo wa sabuni, wimbo uliomshinda, maneno yote anayo. Mimi niliyeutunga ubeti wa tatu ulikuwa umenitoka, naye ndiye aliyenirudishia. Kauntabuku yangu ililiwa na mchwa zamani. Wimbo wote ulikuwa kwake.

Kwa hiyo nina ombi kwa waliocheza, wa mlimani na wa ziwani, kuanzia Litembo hadi Ngumbo, Mbaha na Lituhi, na kwa walioko mijini kama mimi. Mtafute mmoja tu mliyesimama naye safu moja, mpigie simu, umwambie akuimbie sauti yake nawe umwimbie yako. Simu za leo zinarekodi, rekodini. Andikeni majina ya vikundi, ya makapteni, ya vijiji mlivyoalikana. Na kijana aliyepo nyumbani afundishwe kuubandua utando kabla nyumba zote hazijapigwa rangi. Mbegu za vibuyu hupandwa pamoja na mahindi, mvua za kwanza zikinyesha, na kibuyu huchukua miezi mingi kukauka. Anayetaka lipenga la msimu ujao apande Desemba hii.